Washenga wa Kidato cha Pili B

Saa mbili na robo asubuhi, nusu ya Kidato cha Pili B inatoka darasani. Wanatoka kwa mstari uliopinda, mikono imejikunja ndani ya sweta kwa baridi, na wengine wanageuka mlangoni kuwatazama waliobaki. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna aliyechelewa wala aliyevaa viatu visivyotakiwa. Wanatoka kwa sababu kazi yao imekwisha.

Ndani wamebaki thelathini na wanne, kila mmoja peke yake kwenye dawati la watu wawili, karatasi nyeupe mbele yake.

Mwalimu Mectilda Kasian amesimama kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Walio nje anawaambia waende hadi kwenye mikaratusi, wasipige kelele. Walio ndani hawaambii kitu.

"Waliotoka ndio washenga," anasema kwa sauti ya chini. "Hawa waliobaki nataka nione kama watajisemea bila wao. Wasiposema leo, Jumatatu sina langu."

Hii ni wiki ya tatu ya Septemba, mwaka 2025, katika shule moja ya kata nje kidogo ya Dongobesh, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Mkuu wa shule ameomba jina la shule lisiandikwe kwanza. Alisema matokeo yakiwa mazuri watajitaja wenyewe.

Jumatatu inayosemwa ni siku ya mtihani wa ujirani mwema, ule ambao shule za jirani hutunga pamoja na kusahihishiana. Mkuu wa shule ameshatoa uamuzi. Kidato cha Pili B wakiandika kama walivyoandika Juni, somo la Kiingereza litaondolewa kwa Mwalimu Mectilda na kupewa mwenzake, Mwalimu Gerald, ambaye ana insha tano alizoziandaa vizuri, na wanafunzi watazikariri mpaka Novemba, wakati wa upimaji wa kitaifa. Asiyefaulu huo anarudia darasa.

Walichoandika Juni ni habari inayohitaji kuelezwa tangu mwanzo.

Mectilda ana miaka thelathini na minne. Alizaliwa Namanyere, mkoani Rukwa, akapangiwa kazi Mbulu mwaka 2019. Anasema alishuka kwenye gari na kanga mbili na koti jembamba, na kitu cha kwanza alichonunua Manyara ni blanketi. Alipewa somo la Kiingereza, wanafunzi zaidi ya sitini kwenye mkondo mmoja, na vitabu tisa.

Insha za kwanza alizosahihisha zilimshangaza. Kila mwanafunzi alikuwa na baba mhandisi, mama muuguzi, na nyumba yenye bustani karibu na uwanja wa ndege. Ilikuwa insha moja kutoka kitabu kimoja cha zamani, imepita mikono ya darasa baada ya darasa. Mtoto anayetoka nyumba yenye mbuzi saba na shamba la mahindi na maharage anaandika kwamba kila Jumapili familia yake hupanda ndege.

Basi akawataka waandike kuhusu wao wenyewe. Wewe ni nani, unaweza nini, unafanya nini vizuri. Akapata karatasi zenye jina, tarehe, na weupe chini yake.

"Nikadhani hawajui Kiingereza kabisa," anasema. "Nikarudi kwenye sarufi. Miezi minne tunafanya sarufi. Nikiwaambia tena jieleze, weupe."

Miaka ikapita hivyo. Siku moja mwishoni mwa 2023, kwa kukosa la kufundisha dakika za mwisho za kipindi, aliwaambia kila mtu aandike kuhusu jirani yake wa dawati. Alitoka na rundo la karatasi zilizojaa pande mbili. Kiingereza kilikuwa cha kuchechemea, lakini kulikuwa na watu ndani yake. Kulikuwa na binti anayeamka kukamua ng'ombe huku akiimba nyimbo za kwaya sauti ya pili. Kulikuwa na kijana anayeogopa bata.

Hakuelewa kilichotokea mpaka pale mtoto wa mwenye nyumba wake alipotaka kuoa.

Mectilda amepanga chumba kwa Fransiska Bura, mama mwenye duka dogo la mahitaji pale Dongobesh. Siku ambayo wazee wa upande wa binti walikuja kwa mazungumzo, Mectilda alisaidia kupika chai, akasikia yote. Baba wa kijana hakusema lolote la kumsifu mwanawe. Kijana mwenyewe alikaa chumba cha pili kama mgonjwa. Aliyesema ni jirani, mshenga, na alisema mpaka jasho likamtoka: kijana ni mchapakazi, kijana hanywi, kijana akishika jembe ardhi inamwogopa.

Wageni walipoondoka, Mectilda alimwuliza Fransiska kwa nini baba mtu alinyamaza vile wakati mwanawe ni kijana mzuri kweli.

"Angesema yeye, nani angemwamini?" Fransiska akamjibu. "Mtu anayejisifu mwenyewe, mwalimu, maana yake amekosa hata jirani mmoja wa kumsemea."

Wiki iliyofuata, Januari 2024, darasa lake jipya la Kidato cha Kwanza, hawa hawa ambao sasa ni Kidato cha Pili B, lilikuwa na washenga.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Wanafunzi wawili wa dawati moja, mmoja mshenga, mwingine mwenye habari. Mshenga anauliza kwa lugha yoyote, Kiiraqw, Kiswahili, na kwa wale wachache waliotoka upande wa Hanang, Kidatooga. Halafu anaandika kwa Kiingereza. Kisha anasimama mbele na kusoma, na mwenye habari ana haki ya kukataa. Akisema huyo si mimi, mshenga anakaa chini kuandika upya. Wiki inayofuata wanabadilishana.

Darasa lile likawa na kelele za harusini. Basili Qamara, kijana mrefu mwenye mdomo usiopumzika, aliwahi kusoma mbele kwamba jirani yake Vicent ni mkimya kama mtu anayelipia maneno yake moja moja. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mectilda akamwuliza Vicent kama anakubali habari zake.

"Nakubali, Mwalimu," Vicent akasema bila kuinuka. "Aongeze kwamba jirani yangu anatumia ya kwake na ya kwangu."

Kwa mwaka mmoja na nusu mambo yalikwenda hivyo. Wanafunzi ambao hawakuwahi kujaza mistari mitano wakawa wanaomba karatasi ya pili. Walimu wengine walianza kuchungulia dirishani. Kisha ikaja Juni 2025.

Swali la insha kwenye ujirani mwema wa Juni lilisema hivi: andika barua ya kuomba kujiunga na klabu ya mazingira, ujieleze wewe ni nani na utasaidia nini. Wanafunzi sitini na wanane waliingia kwenye chumba cha mtihani. Hamsini na mmoja wakaandika barua ya kumwombea nafasi jirani wa dawati.

Hawakuwa wanacheza. Barua zilikuwa na anwani, tarehe, salamu na heshima zote. Mheshimiwa mwenyekiti, nakuletea habari za Perpetua Sulle, binti anayejua dawa za kuku. Mheshimiwa mwenyekiti, ninayekuandikia si kitu, lakini jirani yangu Basili anaweza kupanda miche mia kabla jua halijawa kali.

Mwalimu wa shule ya jirani aliyesahihisha, Mwalimu Genoveva, alipoona mtihani wenye jina la Vicent una sifa za Basili, na wa Basili una sifa za Vicent, aliona jambo moja tu: wamebadilishana karatasi. Alimpigia simu mkuu wa shule na kumwuliza kwa upole kama wanafunzi wake siku hizi wanafanyiana mitihani. Wote hamsini na mmoja walipata sifuri.

Mkuu wa shule, Renatus Lohay, ni mzaliwa wa Endagikot na amefundisha Mbulu na Hanang muda wote wa kazi yake. Anakiri kwamba alipoelezwa alicheka kwanza, peke yake, mlango umefungwa.

"Mimi naelewa walichofanya," anasema. "Sisi hapa ukinikuta nakutajia ng'ombe zangu, ujue nimelewa. Lakini anayesahihisha mtihani wa taifa hajui hayo, na wala hatakiwi kuyajua."

Alimwita Mectilda ofisini na kumpa miezi mitatu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Mwalimu Kasian, kwenye chumba cha mtihani mshenga haingii."

Julai ilikuwa mbaya. Mectilda alipiga marufuku ushenga, akaandika ubaoni kwamba kila mtu ajisemee. Karatasi zikarudi nyeupe kama mwanzo, safari hii kwa watoto ambao alishajua wanaweza kuandika. Mwalimu Gerald alianza kuacha nakala za insha zake tano kwenye meza ya Mectilda, moja kila siku, bila kusema neno. Si kwa ubaya, anasema Mectilda. Alikuwa anamhurumia.

Mambo yaligeuka kwa Perpetua Sulle, binti wa miaka kumi na sita. Siku moja ya Agosti, Mectilda alimkuta bombani akichota maji na kumwuliza kuku wake wanaendeleaje. Perpetua akamweleza, ndoo imejaa, maji yanamwagika, kuku aliyevimba macho alivyomtenga, jinsi alivyomtibu, na jinsi wanawake wa jirani siku hizi wanavyomletea kuku zao. Asubuhi ile ile alikuwa amerudisha karatasi tupu.

Mectilda akamwuliza kwa nini hayo hakuyaandika.

"Wewe umeniuliza, Mwalimu," Perpetua akasema. "Nikiulizwa na mkubwa najibu, si kujisifu. Ile karatasi haijaniuliza. Inaniamuru nijitangaze tu."

Mectilda anasema alirudi ofisini akiwa ameisahau chaki mkononi, imekatika vipande.

Tangu siku hiyo mshenga haandiki tena. Kazi yake imekuwa kuuliza. Anamwuliza mwenzake maswali, anapata majibu kwa mdomo, kisha anatoka nje na kumwacha na karatasi. Anayebaki anaandika kama anayemjibu yule aliyetoka. Wiki za kwanza washenga walikuwa wanasimama mlangoni. Kisha dirishani. Septemba hii wanakwenda hadi kwenye mikaratusi, ambako hawaonekani.

Asubuhi hii Vicent ndiye aliyebaki ndani, na Basili ndiye mshenga wake.

Vicent ana miaka kumi na saba. Kwao ni Jorodom, Katesh. Tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang Desemba 2023 nyumba yao ilikwenda. Watu wa nyumba walipona, mama yake akiwa na mguu uliovunjika, na Januari kijana akaletwa Dongobesh kukaa kwa shangazi yake Lucia. Kuhusu Basili amekwisha kuandika kurasa nyingi kuliko mtu yeyote darasani. Kuhusu yeye mwenyewe, mpaka wiki hii, hakuwahi kuandika zaidi ya jina.

Kabla ya kutoka, Basili alikuwa amemwuliza maswali ya kawaida na kupata majibu ya neno moja moja. Hapo akaweka kalamu chini.

"Wewe unaweza nini ambacho mimi siwezi?"

Vicent akageuza karatasi yake upande wa pili.

"Sema basi, ndugu yangu. Mimi natoka nje kwenye baridi kwa ajili yako."

"Kusonga ugali."

"Ugali hata mimi nasonga."

"Wa watu sitini?"

Basili alitaka kucheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akauliza vizuri. Anausongaje? Vicent akamweleza kwa Kiswahili, sauti chini, mikono inaonyesha. Sufuria ile huwezi kuinama juu yake, mvuke unakuunguza. Unasimama pembeni, mguu mmoja unakanyaga jiwe. Mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe. Unga humwagi wote, unamwaga kidogo unausikiliza, ukiwa mzito unabadilisha mkono.

Basili akauliza alijifunzia wapi. Shuleni, akasema Vicent, kule walikohifadhiwa watu wa Jorodom baada ya tope. Wapishi walikuwa akina mama waliokuwa wanakwenda kwenye mazishi na kurudi. Siku ya tatu aliona mwiko umelala juu ya sufuria na hakuna mtu, maji yanachemka. Akaushika. Hakuuacha mpaka watu walipohamishwa.

"Mbona hukuwahi kusema?" Basili akauliza.

Vicent akaivuta karatasi karibu. Mwalimu akapiga makofi, na washenga wakatoka.

Sasa darasa liko kimya. Mectilda hapiti kati ya madawati. Anasema ukipita wanajificha kwa viwiko. Anatazama nje. Nyuma yake Vicent anaandika mstari, anaufuta kwa mkono mzima, anaandika tena. Kengele inapolia ana ukurasa mmoja na robo. Mwalimu anaukusanya pamoja na nyingine bila kuusoma mbele yake.

Lakini hiyo ilikuwa Alhamisi, na Basili alikuwa ametoka dakika chache tu zilizopita. Jumatatu hakuna ambaye angemwuliza mtu chochote.

Siku ya mtihani walimu hawasimamii darasa la somo lao. Mectilda alipangiwa Kidato cha Tatu, na wanafunzi wale wanasema aliwapa muda wa ziada kwa kusahau kutazama saa. Alipotoka hakuwauliza Kidato cha Pili B waliandika nini. Aliogopa, anasema, na wao hawakumwambia, kwa sababu hakuwauliza.

Karatasi zilikwenda shule ya jirani kusahihishwa. Zilipokuwa bado huko, simu ya mkuu wa shule ililia. Alikuwa Mwalimu Genoveva tena. Lohay anasema alipoliona jina kwenye simu aliiacha ilie kwanza, akamwita Mectilda aje asikie mwenyewe.

Genoveva alikuwa na swali moja. Alitaka kujua kama yule kijana wa ugali yupo kweli, ama ni insha ya kukariri ya mtindo mpya.

Swali la safari hii lilikuwa barua kwa rafiki wa nchi nyingine, jitambulishe, mweleze jambo moja unaloliweza. Wanafunzi hamsini na saba waliandika kuhusu wao wenyewe. Sita waliandika kuhusu jirani, na watano waliacha weupe. Kiingereza hakikuwa kizuri, na Genoveva hakuwaficha: sarufi iliwaangusha wengi, na alama za juu zilikuwa chache. Lakini alisema amesahihisha mitihani miaka mingi na hii ni mara ya kwanza anamaliza rundo akiwa amekutana na watu.

Lohay alimjibu kwamba yupo, kisha akamwambia Mectilda arudi darasani, kipindi chake cha Kiingereza kinaendelea.

Vicent alipoulizwa aliwezaje, alijibu kwa kifupi chake. "Basili alikuwa nyuma yangu, anakohoa. Nikafanya kama ananiuliza."

Basili anasema alikohoa kwa sababu ya vumbi, na watu wasimpe sifa zisizo zake.

Mectilda sasa anataka Kidato cha Kwanza waanze na utaratibu huu mapema, ili wakifika Kidato cha Nne wasimhitaji tena mtu wa kuwauliza. Ameitwa Endagikot kuwaonyesha walimu wengine wa Kiingereza, na anakusanya maswali ambayo washenga wameyabuni wenyewe, kwa sababu anasema yao ni mazuri kuliko ya kwake. Lingine analolitaka ni dogo, kwamba ile familia yenye bustani karibu na uwanja wa ndege isionekane tena Mbulu.

Upimaji wa kitaifa ulifanyika Novemba, na matokeo yalitoka Januari 2026. Kati ya sitini na wanane, sitini na mmoja wamevuka kwenda Kidato cha Tatu. Saba wanarudia.

Perpetua Sulle amevuka. Anataka kusomea mifugo, na bado anatibu kuku za majirani.

Basili Qamara ni mmoja wa wale saba. Hesabu ilimwangusha. Anakaa dawati la mbele na ni mshenga wa kijana mgeni kutoka Katesh.

Renatus Lohay amehamishiwa shule nyingine wilayani Hanang. Hajataja jina la shule aliyoiacha, wala walimu wake hawajalitaja.

Mwalimu Gerald bado anafundisha insha zake tano. Ila kila Jumatano anatoa nusu ya darasa nje.

Mtoto wa Fransiska Bura alioa, na wamepata mtoto wa kike.

Mectilda ameomba uhamisho ili awe karibu na mama yake Namanyere. Hajajibiwa, na kwa sasa anafundisha mikondo mitatu.

Vicent amevuka, Kiingereza akipata D. Mama yake alikuja Dongobesh wakati wa Krismasi, anatembea kwa fimbo. Zile wiki za baada ya tope alikuwa hospitali, na hakujua mwanawe alikuwa wapi wala alifanya nini. Shangazi Lucia alimtaka kijana aisome ile barua ya mtihani, kwa Kiswahili, naye akaisoma. Mama aliuliza unga ulikuwa unatoka wapi. Kisha akauliza kuni nani alileta, na kama mikono haikuungua, na waliokula ni watu gani. Aliuliza mengi, na Vicent akayajibu yote.